Barua ya Mnyooshaji

Asubuhi ile Mama Mkasi aliinama kuokota kitufe, na hakuinuka tena. Alibaki pale pale kando ya cherehani, viganja magotini, kichwa kikitazama sakafu, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Jina lile walimpa wateja, kwa sababu mkasi haukumtoka shingoni. Aliuvaa kwa utepe kama wengine wanavyovaa mkufu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameketi kwenye kiti kile cha mbao, mguu juu ya kikanyagio, shingo juu ya sindano, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaumwa. Ndiyo maana mdogo wake alidhani ni mzaha.

"Dada, inuka basi. Mteja yuko mlangoni."

"Mwambie aingie. Mimi nimekwama."

Ikabidi mdogo mtu amshike kiunoni, amkokote hadi kitandani, huku mteja amesimama na kitambaa chake mkononi hajui atazame wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, lakini hawakusema afanye nini asiyeweza kuinuka.

Waliishi watatu katika nyumba ile ya kupanga: Mama Mkasi, mumewe, na mdogo wake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, chenye vyerehani viwili vilivyotazamana karibu na dirisha. Mume alikuwa mtunza stoo katika shule ya bweni iliyokuwa mtaa wa pili. Huko walimwita Bwana Stoo, na baadhi yao "wewe wa stoo". Mdogo mtu alifika kwa dada yake akiwa na miaka tisa, mama yao alipofariki. Mama Mkasi hakujaliwa mtoto, basi akamlea huyo. Alimfundisha kusoma, kisha kutunga uzi kwenye tundu la sindano, kisha kupiga pindo, na sasa alikuwa na miaka thelathini na mkono mwepesi kuliko wa mwalimu wake.

Walianza na vidonge vya duka la dawa. Vikatuliza mgongo kwa wiki moja, vikawasha moto tumboni. Mteja mmoja, mke wa dereva, ndiye aliyewaelekeza kwa Mnyooshaji.

"Hana sindano wala kisu," alisema. "Ana mikono tu. Mume wangu aliingia amepinda kama ndoano, akatoka anatembea."

Bwana Stoo alicheka. "Mfupa uliomshinda fisi, huyo wa mikono mitupu atauweza?"

Lakini mkewe alikwenda, mdogo wake akimshika mkono.

Chumba cha Mnyooshaji kilikuwa juu ya duka la viatu. Kulikuwa na kitanda kirefu chenye tundu upande wa kichwa, ili mtu alale kifudifudi uso uingie humo na pumzi isizibe. Ukutani palikuwa na mchoro wa uti wa mgongo, pingili juu ya pingili. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene na maswali mengi. Alimuuliza anakaaje, analalaje, anainua nini. Kisha akamuuliza kama choo na mkojo vinakwenda sawa, na kama ana ganzi mahali popote katikati ya mapaja. Mama Mkasi aliona haya, akajibu harakaharaka kwamba hana.

"Vizuri," Mnyooshaji alisema, akaandika. "Mimi situmii dawa, mama. Na si kila mgongo ni wangu. Ukiwa wangu nitakuambia, usipokuwa wangu pia nitakuambia."

Akamlaza ubavu, akakunja goti lake moja, akaegemea kidogo. Mgongo ukalia kwaa, kama kijiti kikavu. Mama Mkasi alishtuka, akangoja maumivu. Hayakuja. Akaanza kucheka, na mdogo wake pale kwenye benchi naye akacheka.

Alirudi mara sita. Mnyooshaji alimfundisha mazoezi ya kufanya sakafuni kila asubuhi, akamwambia ainue meza ya cherehani kwa matofali mawili, na asimame kila baada ya nusu saa hata kama mteja amekasirika. Alifanya yote. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akilala usiku kucha, na jina la Mnyooshaji likawa halimtoki mdomoni. "Mnyooshaji kasema," aliwaambia wateja, na akishasema hivyo hakukuwa na mjadala.

*

Kisha ikaja kazi ya sare.

Shule ilitaka sare mia moja na sitini kwa wanafunzi wapya, na Bwana Stoo ndiye aliyeileta kazi hiyo nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuitwa kwenye kikao cha ofisi na kupewa kiti. Mhasibu alimuuliza mbele ya walimu, "Mkeo ataweza? Si ndiye mgonjwa wa mgongo?" Naye akajibu kwamba mke wake hajawahi kushindwa na kazi, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi sare zitakuwa zimepangwa ukumbini, zimepigwa pasi.

"Nimeweka uso wangu mezani," aliwaambia usiku ule wakila. "Msiniangushe."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mdogo mtu alisema. "Tuko wawili. Zitakwisha."

Walishona tangu alfajiri. Nusu saa ya kusimama ikawa saa moja, saa moja ikawa mbili. Mama Mkasi aliyajua makosa yake, akajiahidi kuyatubu kwa Mnyooshaji kazi ikiisha.

Jumanne ya wiki ya mwisho aliamka na kitu kipya. Hayakuwa maumivu, maumivu alikuwa ameyazoea. Alikalia ukingo wa kitanda na hakuusikia. Sehemu yote ya makalio na katikati ya mapaja ilikuwa imekufa ganzi, kana kwamba amekalia mwili wa mtu mwingine. Alikwenda msalani akakaa muda mrefu, mkojo ukakataa, kisha ukatoka kidogo bila yeye kuuamuru. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburura ncha ya kandambili.

Hakumwambia mumewe. Mambo kama hayo mtu humwambia dada au mama. Alimwita mdogo wake chumbani, akafunga mlango, akamnong'oneza yote.

"Siwezi kupanda zile ngazi leo. Nenda wewe. Mweleze kila kitu, hata hilo la mkojo, usione haya. Lolote atakalosema tutafanya."

Mdogo mtu alikwenda saa tatu, akarudi karibu saa sita. Alivua viatu taratibu, akakaa kwenye cherehani chake kabla hajasema neno.

"Amesemaje?"

"Amesema ni mishipa imechoka. Inapona yenyewe. Ukae na mto chini, unywe maji. Atakuona Jumatatu."

"Ulimwambia na la mkojo?"

"Nilimwambia, dada. Kasema ni hivyo hivyo."

Mama Mkasi alishusha pumzi. Maneno yalikuwa ya Mnyooshaji, na Mnyooshaji alikuwa hajawahi kumdanganya. Akachukua mto, akauweka kitini, akakalia mahali asipopasikia, akaendelea na kola.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa alishona hivyo. Alijifunga vitambaa kama mtoto mchanga, akavifua mwenyewe bafuni mlango ukiwa umefungwa. Mume alimpitia kila jioni akiuliza zimebaki ngapi. Mara mbili alimkuta mumewe amesimama mlangoni anamtazama tu.

"Una nini?" alimuuliza.

"Hakuna. Usijichoshe sana."

*

Jumamosi sare zilikuwa ukumbini, zimepangwa kwa saizi juu ya meza ndefu. Mhasibu alipita akivuta mishono kwa vidole viwili, akitafuta uzi uliolegea asiuone. Mama Mkasi alikuwa amepewa kiti kando ya walimu. Mumewe alisimama na koti lake la kazi lililopigwa pasi, kidevu juu.

"Kazi nzuri," mhasibu alisema. "Mama, njoo utie sahihi."

Aliinuka. Mguu wa kulia haukuwepo. Alishika meza, meza ikasogea, safu ya sare ikamwangukia, naye akaenda chini nazo. Walimu wawili walimkimbilia kumwinua, ndipo mwalimu mmoja wa kike akakitazama kiti. Kilikuwa kimelowa, maji yanadondoka sakafuni, na sketi yake imeganda mapajani. Yeye hakuwa amesikia chochote. Aliona tu macho ya watu yakienda kwenye kiti, kisha yakihama haraka kwenda madirishani. Mhasibu akaanza kuokota sare zilizo karibu na maji.

"Hizi zitahitaji kufuliwa," alisema kwa sauti ya chini.

Bwana Stoo alivua koti lake akamfunika mkewe kiunoni.

Hospitali walimpiga picha ya mgongo jioni ile ile. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyezungumza bila kupamba. Kisahani laini cha katikati ya pingili kilikuwa kimetoka mahali pake, kikakandamiza fungu la mishipa iendayo miguuni na kwenye kibofu.

"Ganzi ilianza lini?"

"Jumanne."

Daktari aliirudia picha. "Hii ni dharura, mama. Inahesabiwa kwa saa. Tutakupasua kukipambazuka, lakini siwezi kukuahidi kwamba vyote vitarudi. Ungekuja Jumanne ningezungumza nawe kwa namna nyingine."

"Nilituma mtu kwa Mnyooshaji. Alisema ningoje."

Daktari alitikisa kichwa. Bwana Stoo aliyeegemea ukuta akasema kwa uchungu, kila mtu wodini akasikia, "Hawa wa mikono. Ndio waliotufikisha hapa." Mdogo mtu alitoka nje.

Kabla ya Jumatatu mtaa mzima ulijua. Mke wa dereva mwenyewe, aliyewaelekeza, alikuja na machozi kuomba radhi. Watu wawili waliokuwa na miadi juu ya duka la viatu hawakwenda.

*

Siku ya nne baada ya upasuaji Mnyooshaji alikuja wodini. Mama Mkasi alikuwa amelala chali, mpira wa mkojo umening'inia kando ya kitanda, mguu wa kulia umetulia chini ya shuka kama mzigo wa mtu mwingine. Mdogo wake alikuwa akimchana nywele. Kitana kilisimama.

"Umekuja kutazama kazi yako," Mama Mkasi alisema.

Mnyooshaji hakukaa. "Nimesikia mtaani ninayosemwa. Sikuja kugombana na mgonjwa. Nimekuja kuuliza, barua yangu ilifika hapa siku gani?"

"Barua gani?"

Alitoa kitabu mfukoni, kile cha risiti chenye karatasi ya kaboni, akafungua kurasa za mwisho. Nakala ilikuwa ya bluu, iliyofifia, lakini ilisomeka. *Mgonjwa huyu ana ganzi ya makalio na mkojo haumtii. Si wa mikono yangu. Apokewe leo, picha ya uti wa mgongo ichukuliwe leo.* Neno leo lilikuwa limepigiwa mstari mara zote mbili. Chini palikuwa na tarehe ya Jumanne.

"Nilimpa huyu mkononi," alisema. "Nikamwambia akodi gari. Jumatano nikapiga simu yenu ya kazi, akapokea yeye. Akaniambia umelazwa, unaendelea vizuri. Nikashukuru Mungu, nikalala."

Mama Mkasi hakumtazama Mnyooshaji. Alikuwa akitazama kitana mkononi mwa mdogo wake, chenye nywele zake.

"Ni kweli?"

"Dada, zilikuwa zimebaki sare hamsini na mbili." Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. "Nilijua ukienda hawatakurudisha. Umeumwa miezi yote hii, nikasema siku nne zitafanya nini. Nilikuwa nakutazama. Kila siku nilikuwa nakutazama."

"Ulikuwa unanitazama."

"Ndiyo."

"Ukaniona nikibeba vitambaa kwenda bafuni."

Mdogo mtu alianza kunyofoa nywele kwenye kitana.

"Weka kitana hapo," Mama Mkasi alisema. "Nikirudi nyumbani nisikukute."

*

Alirudi baada ya wiki tatu, kwa magongo mawili na mpira uliofungwa pajani. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa chumba cha mbele, ambako cherehani kimoja kilikuwa kimefunikwa shuka. Hakuna aliyetaja cherehani hicho.

Bwana Stoo alikuwa mume ambaye majirani walimsifu. Alipika, akafua, akajifunza kwa muuguzi namna ya kumwaga mfuko na kusafisha mpira bila kuingiza uchafu. Alimpeleka msalani asubuhi kabla ya kazi na mchana akiiba dakika kumi za mapumziko. Mkewe alipolia, na alilia sana wiki za kwanza, alikaa ukingoni mwa kitanda akamfuta kwa kiganja.

"Usimlilie yule," alimwambia. "Tulimlea wenyewe, tukamlisha wenyewe. Asante ya punda ni mateke. Mimi sitaki hata kusikia jina lake humu ndani."

Naye aliegemeza kichwa kwenye bega lake. Alijiambia kwamba Mungu akifunga mlango mmoja hakosi kuacha mtu wa kukaa nawe ndani.

Mwezi wa tatu tangu arudi, adhuhuri moja, mdogo mtu alikuja kuchukua cherehani chake. Alikuwa amekonda. Alibisha hodi kama mgeni, akasimama mlangoni hadi alipoambiwa apite. Alifunua shuka, akaanza kufungua skrubu za meza, na kwa muda mrefu sauti ilikuwa ya bisibisi tu.

"Unafanya kazi wapi?" Mama Mkasi aliuliza, akajishangaa kuuliza.

"Kwa fundi mmoja wa mapazia. Nashona pindo."

"Zile siku nne. Ulipata usingizi?"

"Sikulala, dada. Alhamisi nilitaka kukuambia. Shemeji ndiye aliyesema nikalale, kwamba imebaki siku moja na—"

Bisibisi ilisimama.

Mama Mkasi alingoja. Mdogo wake alikaa chini sakafuni, kati ya vyerehani viwili, akafunika uso kwa mikono. Alipoanza kusema alisema kwa kituo, kama anayesoma.

Jumanne ile alikutana na shemeji yake kona ya mtaa, shemeji akirudi kazini baada ya chai. Alikuwa anakimbia kutafuta gari. Shemeji akamuuliza kuna nini, naye akampa barua. Aliisoma amesimama, mara mbili. Akasema ameweka uso wake pale. Akasema mama yake mwenyewe alipasuliwa mgongo hakuinuka tena, wakimpasua huyu itakuwa vile vile, basi kuna haraka gani. Siku nne, shemeji. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti la kazi, akamwambia la kusema.

"Na mimi nikalisema," mdogo mtu alimaliza. "Sikukataa. Hilo ni langu."

"Hospitali mbona hukumtaja?"

"Alinifuata nje. Akasema tukianguka wote wawili, nani atakuhudumia? Bora mmoja aonekane mbaya, mmoja abaki. Nikaona ni kweli. Nikaona mimi ndiye wa kuondoka."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Mkasi alifikiria bega lile alilolilalia, na kile kiganja.

"Chukua cherehani chako," alisema baadaye.

"Dada."

"Sijasema nimekusamehe. Sijasema chochote. Chukua."

*

Alasiri Bwana Stoo alirudi na kiti. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe stoo kwa mbao za madawati mabovu: kirefu, chenye mikono miwili ya kushikia, kimepigwa msasa hadi kikang'aa. Alikiweka katikati ya chumba, akakitikisa kuonyesha kwamba hakiyumbi.

"Hapa utakaa bila kuinama. Utaweza hata kushona vifungo." Kisha akaona nafasi tupu karibu na dirisha. "Amekuja kuchukua?"

"Barua uliiweka wapi?"

Hakuuliza barua gani. Mkono wake ulibaki juu ya kiti.

"Ipo stoo," alisema mwishowe. "Kwenye faili. Nilitaka kuichana, nikashindwa."

"Ulikuwa unajua tangu Jumanne."

"Nilikuwa naogopa kisu. Mama yangu—"

"Mama yako simjui. Mimi nilikuwa hapa, kwenye kiti kile cha cherehani, na wewe umesimama pale mlangoni."

"Nilisema mbele yao wote kwamba hushindwi," Bwana Stoo alisema. "Yule mhasibu alicheka. Hujui wanavyonicheka pale. Mara moja tu, mke wangu, nilitaka neno langu lisimame."

"Lilisimama. Sare zilifika zote."

Bwana Stoo alikaa kwenye kile kiti alichokileta, akalia kama wanavyolia wanaume wasiozoea, bila kujua mikono iwekwe wapi. Mama Mkasi alimtazama hadi alipotulia. Hasira aliyokuwa ameitarajia haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi zaidi na hakikuwa na haraka.

"Mdogo wangu alinificha barua," alisema. "Wewe ulinificha barua, ukaniacha nimfukuze, ukaacha mtaa umtukane Mnyooshaji wa watu, kisha ukakaa kitandani kwangu ukanifuta machozi niliyokuwa namlilia yeye. Nipe simu."

"Unampigia nani?"

"Mnyooshaji. Nimwombe radhi mimi mwenyewe. Tangu leo mtu akiwa na neno la mwili wangu, ataniambia mimi."

Alimpa simu. Aliongea kwa kifupi, mumewe akisikia kila neno, na alipomaliza aliiweka juu ya shuka na kuvuta magongo yake. Mfuko ulikuwa umejaa. Aliuona kwa macho, kwa kuwa kuusikia hakukuwezekana. Alijaribu kuinuka peke yake. Gongo la kulia likateleza, akarudi kitandani. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akarudi. Mumewe alisimama hatua mbili mbali naye, hathubutu kusogea. Mke wa dereva, aliyezoea kupita kumsaidia, alikuwa sokoni. Mdogo wake alikuwa ameshaondoka na mkokoteni na cherehani chake.

"Njoo," Mama Mkasi alisema.

Alikuja. Alipiga goti, akapitisha mkono mgongoni, chini kidogo ya kovu, kama muuguzi alivyomfundisha. Mama Mkasi alizungusha mkono wake shingoni kwa mumewe, akageuza uso upande wa ukuta. Wakaenda hivyo kuelekea msalani, hatua fupifupi. Bwana Stoo, ambaye siku zote alimhesabia hatua kwa sauti ili kumtia moyo, siku hiyo hakuhesabu.